Aliyeendelea Kusali Baada ya Amina

Ninyi mlioingia kazini juzi mmeniuliza kwa nini, kabla ya kuwasha makaa katika chumba cha kukaushia, lazima mtu apige magoti na kutazama chini ya kila chanja mpaka ukuta wa mwisho. Mmeona ni kazi ya kuchafua suruali bure. Mmoja wenu, sitamtaja, aliuliza kama ni sehemu ya ibada. Si ibada. Ni kwa sababu mimi, Papa Deo, mzee mnayemwona akisinzia kwenye misa ya kwanza, nilikaribia kuua watu wawili ndani ya chumba hicho huku nimeshika rozari mkononi. Mungu hakukubali, namshukuru kila nikiamka. Nitawaeleza, ila mtanivumilia nianzie mbali kidogo, maana mtu asiyejua povu hawezi kuelewa jambo lile.

Basi povu.

Mgomba ukishazaa unakatwa, na shina lake watu wanalitupa au wanawapa ng'ombe. Sisi tunalichukua. Tunalibandua ganda baada ya ganda, tunalikwangua kwa panga butu mpaka nyama iishe na zibaki nyuzi. Nyuzi tunazikata kwa kipimo cha pingili moja ya kidole, tunazichemsha katika maji ya majivu mpaka ziteleze, tunazitwanga, tunaziosha. Hapo ndipo wengi walioiga kazi yetu waliposhindwa, kwa sababu walizitia kwenye maji matupu wakazimimina. Nyuzi ndani ya maji zinatafutana. Zinashikana mabonge kama nywele kwenye mfereji, na ukikausha unapata kitu kigumu chenye matundu, hata mbwa hakilalii.

Ndani ya povu mambo ni mengine. Unapiga maji na sabuni, na uji kidogo wa muhogo kama gundi, mpaka povu lisimame. Ndipo unatia nyuzi. Kila uzi unapata nafasi yake kati ya mapovu, haumfikii mwenzake. Unamimina kwenye fremu ya mbao iliyotandikwa chandarua chini. Maji yanachuruzika, povu linakufa polepole, na kila povu linapokufa nyuzi zinashuka kidogo na kushikana taratibu. Kinachobaki ni tandiko nene kama vidole vinne, jeupe kidogo, lenye hewa zaidi kuliko nyuzi. Sisi tuliyaita mikate.

Povu zuri halionyeshi macho. Ukiona mapovu makubwa kama maharage, endelea kupiga. Simamisha kijiti cha kiberiti juu yake: kikisimama, mimina, kikilala, usidanganye nafsi yako. Na sabuni iwe ile ya kipande isiyo na manukato. Mwaka wangu wa kwanza nilitia sabuni ya unga ya kufulia, kwa sababu ilitoa povu haraka na nilitaka kusifiwa. Mikate ikatoka mizuri sana. Tukamuuzia mama mmoja anayefungia jibini zake za Masisi ndani yake zisipondeke njiani. Baada ya wiki alirudi na jibini moja, akaniwekea chini ya pua.

"Nusa, Papa."

Nikanusa.

"Iko nanukia nini?"

Nikasema sijui.

"Iko nanukia shati ya harusi. Wateja wananiuliza kama ninauza fromage ao ninauza bwana-arusi."

Papa Anselme, bwana wetu wa kazi, hakunigombeza. Alikata kipande cha ile jibini, akanipa nile chote mbele ya wenzangu, na yeye akala kipande chake. Ndivyo alivyofundisha.

Papa Anselme alikuwa katekista wa Kibabi kabla hajazaliwa mtoto wangu wa kwanza. Mtu mrefu, mkavu, mwenye maneno machache. Kazi hii aliipata Nyamitaba, kwa wafugaji, alikokwenda kutafuta maziwa. Mama mmoja alikuwa anatikisa kibuyu cha siagi, povu la maziwa likamwagikia mabua makavu yaliyokatwakatwa. Kesho yake Papa Anselme alikuta lile povu limekauka, limebeba mabua juu kama kiota, na upepo ukalipeperusha. Wengine wangeona uchafu. Yeye alilikimbiza mpaka kwenye ua wa jirani. Baadaye aliweka sabuni mahali pa maziwa, akisema maziwa ni ya watoto. Na binti wa yule mama, Mama Zawadi, akaja kufanya kazi kwetu, kwa sababu hakuna mtu aliyejua kupiga povu kama yeye. Mikono yake ilikuwa imetikisa vibuyu tangu utoto.

Siku hizi mna mashini inayozungushwa na umeme wa jua, na muda mnauangalia kwenye simu. Sisi tulipima kwa sala. Povu lilipigwa kwa muda wa Salamu Maria kumi, likishamiminwa tulingoja Baba Yetu tatu, ndipo fremu inainuliwa. Ukiinua mapema, kingo zinaanguka. Ukichelewa, ngozi inakauka juu na katikati inadidimia. Mnaweza kucheka, lakini sala haiishiwi chaji.

Tatizo lilikuja na Mama Zawadi, ambaye ni Mprotestanti. Salamu Maria hasali. Tukakubaliana yeye apige povu kwa beti za wimbo wake, hilo likaisha. Ila Baba Yetu ni ya wote, tukadhani hapo hakuna ugomvi. Kumbe upo. Mikate yake ilitoka na kingo zilizosimama wima, yetu ikilegea. Tulimchunguza siku nyingi. Bahati, mchanganyaji wetu, mtu mzima asiyeacha mzaha hata msibani, ndiye aliyegundua.

"Papa Anselme, uyu mama anaongeza maneno!"

Ni kweli. Sisi tukifika mwisho tunasema Amina. Wao wanaendelea na ile sehemu ya ufalme na nguvu na utukufu, ambayo sisi kwenye misa tunaitamka pia, lakini mahali pengine, baada ya padri kusema yake. Mara tatu, inakuwa muda wa kutosha kuimarisha kingo.

"Mungu wenu iko nakimbia fasi gani?" Mama Zawadi akatuuliza. "Munamwambia Amina mbele hamujamumaliza kumusifu."

Papa Anselme alifikiri mpaka jioni. Kesho yake alisema mikate imetoa hukumu, tutangoja kwa kipimo cha Mama Zawadi. Lakini yeye, katekista, kubadilisha mahali pa maneno hakuweza. Akasali ya kwake, akasema Amina, halafu akakohoa, kikohozi cha kujitakia, cha polepole, urefu sawasawa na yale maneno, kisha akaanza ya pili. Sisi wote tukafuata kungojea kikohozi chake. Miaka na miaka ateliye yetu, karakana hii, ilikwenda hivyo: Baba Yetu, Amina, kikohozi.

Sasa niwaeleze sauti, maana ninyi hamuisikii, mashini inaifunika.

Povu linapokufa linanong'ona. Fremu moja huisikii mpaka utege sikio. Fremu ishirini kwenye ukumbi wa kumiminia, alasiri, ukungu umeshuka na migomba ya nje imepotea, zinanong'ona kama watu wengi wanaosali kwa siri nyuma ya ukuta. Unasikia karibu maneno. Ukisogea, yanakuwa mapovu. Ukirudi nyuma, yanakuwa maneno tena. Kuna mtu aliyeacha kazi kwetu kwa sababu alisema fremu ya tatu inamwita kwa jina la utotoni. Papa Anselme hakumcheka. Alimwambia tu kwamba jina lako ukiliogopa utalisikia popote.

Na chumba cha kukaushia ni kibaya zaidi. Ni kirefu, hakina dirisha, na Papa Anselme alifunika kuta zake kwa mikate iliyoharibika ili joto lisitoke. Lakini mikate inakula sauti pia. Piga makofi mle ndani: yanafia mikononi. Tembea: huisikii miguu yako. Mtu akisema kitu kutoka mwisho wa chumba, unadhani yuko ndani ya kola ya shati lako. Nimeingia mle mara zisizohesabika, na kila nilipotoka niligusa masikio yangu.

Papa Anselme alifariki kitandani mwake, kwa uzee, akiwa amepewa sakramenti zote. Kifo cha kutamani. Tulikaa matanga siku tatu bila kazi wala moto. Siku hizo hizo njia ya kutoka Walikale ilikuwa imejaa watu waliokimbia vita, wanapita na magodoro kichwani, wengine wanapita bila kitu. Mama mkunga wa kituo cha afya alitutumia habari: akina mama wanajifungua kila siku na watoto wanalazwa juu ya simenti. Aliomba mikate midogo ya kulazia watoto wachanga, mingi, upesi. Tukafuta machozi, tukarudi kazini.

Alasiri ya kwanza tulimimina fremu zote. Nikasimama mahali pa Papa Anselme, nikasali Baba Yetu ya kwanza. Nikasema Amina. Kisha, kwa mazoea tu, sote tukanyamaza urefu wa kikohozi.

Na kikohozi kikaja.

Kilitoka ukutani, upande wa chumba cha kukaushia. Kidogo, kikavu, mara mbili. Bahati aliangusha mwiko ndani ya povu. Hakuna aliyeuokota.

"Njo yeye, Papa mwenyewe," akasema. "Amekuya kupima."

"Kikohozi ya Papa Anselme ilikuwa kubwa," Mama Zawadi akasema. "Hii iko ya paka."

"Mama, muntu akikufa anapunguka."

Walinitazama mimi, kwa sababu sasa mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Nikasema ni povu. Nikasema tuendelee na Baba Yetu ya pili. Sikukaza sauti, na nilipofika Amina niliunganisha ya tatu bila kupumua, ili nisipate nafasi ya kusikia. Mikate ya siku ile kingo zake zote zililala.

Kesho yake asubuhi sufuria ya uji wa muhogo tuliyoiacha karibu na mlango wa kile chumba ilikutwa imekombwa, safi kama imeoshwa.

"Mufu anakula gundi?" Bahati akauliza, na kwa mara ya kwanza mzaha wake haukumchekesha hata yeye. "Basi kule njaa iko kali kuliko huku."

Niliingia peke yangu kutazama mikate iliyokuwa kwenye chanja. Nilikuwa na taa ya mafuta, na mle hata taa inaonekana kama inawaka mbali. Kwenye chanja ya chini kabisa nikaona mkate mmoja ambao bado ulikuwa laini umebonyea. Mkate laini unaweka alama ya kitu chochote, hata majani. Alama hii ilikuwa ya mtu aliyelala chali. Palikuwa na duara la kichwa, na mgongo, na visigino viwili. Urefu wake wote, toka kiwiko changu mpaka ncha za vidole.

Niliweka kiganja changu ndani ya lile shimo.

Lilikuwa na joto.

Wanangu, hapa sitajificha. Mtu mwenye akili angejua. Nilikuwa nimelea watoto sita, nilijua mtoto wa siku tatu ana urefu gani. Lakini hofu inachagua majibu yake. Nilijiambia ni uji unaochacha, unaotoa joto. Nikaugeuza ule mkate, nikatoka, sikumwambia mtu. Ningemwita Mama Zawadi na taa ya pili, mambo yangekwisha pale pale. Sikumwita. Nilimwogopa Papa Anselme, mtu aliyekula jibini ya sabuni kwa ajili yangu.

Siku ya tatu chumba kilikuwa kimejaa, na ukungu mweusi ulikuwa umeanza kwenye kingo za mikate ya kwanza. Mnaujua: ukiota jioni, kesho yake hakuna cha kuokoa. Ilikuwa lazima kuwasha moto siku ile ile. Kwa kawaida tunapanga mbabula, majiko ya makaa, katikati ya chumba, tunakaa humo kwa zamu, tundu la majivu la nyuma, pana kiasi cha mtu kutambaa, likiwa wazi ili hewa ipite, maana hewa ya makaa ndani ya chumba kilichofungwa inaua bila kukohoza mtu. Lakini siku ile wote walikataa kuingia.

"Tuweke mbabula pa mulango," Bahati akasema. "Tufunge kabisa. Na majani ya mikalitusi juu ya makaa. Kama iko pepo, itoke. Kama iko Papa Anselme, atatusamehe, ye alipenda kazi iishe."

"Na tundu ya majivu?" Mama Zawadi akauliza.

"Nimeshaifunga asubui na udongo. Sitaki itokee nyuma yangu."

Nikakubali. Mimi, mkubwa, nilisema sawa.

Ukungu ulishuka mapema alasiri ile, mzito mpaka tuliwasha mbabula bila kuonana vizuri. Tulizisukuma tatu ndani ya kizingiti, nyekundu, zikitoa harufu ya mikalitusi. Bahati alisimama mbali, kwenye mlango wa ukumbi. Mama Zawadi alikuwa ameshika udongo wa kuzibia nyufa kwa mikono yote miwili, na kamba ya ngozi ya mgomba, ya kufungia komeo, ameibana kwa meno. Kumbukeni hiyo kamba.

Sikuweza kufunga bila kumwombea. Nikavua kofia, nikashika rozari, nikasimama mbele ya ule weusi, nikasali Baba Yetu moja, polepole, kama mtu anayesali kaburini. Nyuma yangu ukumbi ulikuwa unanong'ona, maana tulikuwa tumemimina tena asubuhi. Nikafika mwisho. Nikasema Amina. Nikanyamaza, nikingoja kikohozi.

Hakikuja kikohozi.

Yalikuja maneno. Yalitoka mle ndani, bila upande, bila umbali, si ya mwanamume wala ya mwanamke, kwa kuwa mikate ilikuwa imekula nusu ya sauti. Yalikuja taratibu, kama mtu anayemalizia sentensi ambayo mwenzake ameiacha njiani. Ufalme. Nguvu. Utukufu. Kisha Amina nyingine, ya kwake.

Niligeuka kumtazama Mama Zawadi. Mdomo wake ulikuwa umefungwa juu ya kamba. Macho yake yalikuwa yamenikodolea.

Aliitema ile kamba.

"Papa Deo," akasema kwa sauti ya chini. "Papa Anselme alihamia kwetu lini?"

"Kwenu wapi?"

"Kwetu, Waprotestanti! Ile maneno hawezi kusema pale. Ye angekohoa." Halafu akapiga kelele ambayo sijaisikia tena kwake. "Ile si mufu! Ile iko muntu! Toa moto!"

Sikumbuki nilivyozitoa zile mbabula. Alama iliyo kwenye mguu wangu wa kushoto inakumbuka. Mama Zawadi alizunguka mbio nyuma ya nyumba na udongo wake mkononi, nikamsikia akivunja ule ukuta wa tundu la majivu kwa visigino, akimtukana Bahati kwa Kinyarwanda na kumwomba Mungu kwa Kiswahili. Mimi nilijifunga shati puani, nikaingia kwa magoti, nikapapasa chini ya kila chanja. Moshi ulikuwa umeshatangulia. Nilikuwa naita, na sauti yangu ilikuwa inaishia kwenye meno yangu.

Alikuwa mwisho kabisa, nyuma ya rundo la mikate iliyoharibika, amejikunja. Msichana tu, amevaa kitenge kimoja. Kati ya mikate miwili, kama kitu kilichofungwa kisivunjike njiani, alikuwa amemlaza mtoto.

Mwanga wa tundu lililovunjwa ulikuwa umeanza kuingia. Alinitazama bila kushtuka. Hiyo ndiyo iliyonitisha, kuliko kikohozi, kuliko shimo lenye joto. Mtu aliyejificha akikutwa anashtuka. Huyu alinitazama kama mtu aliyekuwa anangoja zamu yangu ifike.

"Toka, mwanangu, hewa ni mbaya," nikasema.

"Wewe njo unasalisha?"

"Njo mimi. Niko Papa Deo."

"Papa Deo," akauliza kwa adabu kabisa, "ulikufa lini?"

Tulimtoa nje kwenye majani. Mama Zawadi alimvika sweta yake, akampa maziwa, na yule msichana alikunywa huku anatutazama mmoja mmoja kupitia ukungu. Alikuwa anaitwa Riziki, wa Buleusa. Alikuwa amejifungua peke yake njiani, kwenye nyasi, usiku wa mvua. Kila alipopita kabla ya hapo alikuwa ameulizwa yeye ni mtu wa nani, na kila jibu lilikuwa baya kwa mtu fulani, kwa hiyo alikuwa ameapa kutojibu sauti yoyote tena. Aliona tundu, akaingia kutafuta joto, na mle ndani alikuta giza, ulaini, na kimya ambacho hakukijua duniani.

"Nilizani nilikufa kwenye kuzala," akatuambia. "Nilisikia masauti tu. Hakuna miguu. Watu wengi wananong'ona, kisha moja anasali, kisha watu wananyamaza. Nikasema, kumbe njo hivi iko. Wafu wanasali."

"Na mutoto je?" Mama Zawadi akauliza.

"Mutoto alikuwa nakohoa. Nilimufunga kinywa na mukono, nikaogopa mutatufukuza."

"Na uji?"

"Nilikula uji ya wafu," akasema, na akatazama chini kwa aibu. "Munisamehe kama iko zambi."

Bahati, aliyekuwa amekaa juu ya mbabula iliyopinduliwa, alifunika uso kwa mikono yake. Tundu aliliziba yeye, lakini ruhusa ya kufunga mlango niliitoa mimi, na siku ile ile jioni nilimwambia padri hivyo, pamoja na lile joto la kiganja. Yule msichana nilimuuliza kwa nini alijibu sala, kama alikuwa ameapa kutojibu.

"Uliacha katikati," akasema. "Mimi sikujibu. Kinywa njo kilimaliza."

Mtaniambia hapo mambo yalikwisha vizuri. Ndivyo nilivyodhani mimi pia. Lakini Riziki hakuwa ametusadiki. Niliona anagusa majani, anayavuta, ananusa vidole vyake. Alinigusa mkono, akausikiliza kama mtu anayepima homa. Aliuliza kwa nini hakuna mlima, na kweli hapakuwa na mlima, ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, hata paa la ateliye yetu. Tulikuwa watu watatu wa kijivu, tumepakwa majivu na udongo, tumemzunguka mahali pasipo na mwisho, na nyuma yetu, ndani ya ukumbi, ile sala ya chinichini ilikuwa bado inaendelea. Ningekuwa yeye, nisingesadiki.

"Mwanangu, uko muzima," nikamwambia. "Na mtoto iko muzima."

"Wafu wangesema nini?" akaniuliza.

Nimefundisha kwaya, nimefundisha povu, nimesoma Maandiko tangu ujana, na nilisimama pale na mguu ulioungua nikakosa neno moja la kumpa.

Ni yeye aliyelipata. Aliinuka kwa shida, akamfunua mtoto wake kutoka kwenye ile mikate, tandiko moja akaliacha lidondoke huku, la pili kule, na yote mawili yalianguka bila sauti. Akaninyooshea mtoto akiwa uchi kwenye baridi ile.

"Mubebe," akasema. "Mimi nilimubeba siku mingi, sijue tena uzito yake. Wewe mubebe, uniambie. Kama iko muzito, nitasadiki."

Nilinyoosha mikono yangu, mikono iliyokuwa imezoea maisha yote kuinua mikate isiyo na uzito. Akaniachia. Na mikono ikashuka ghafla mpaka magotini, karibu nimwangushe.